Ambulansi Moja, Uzee wa Namna Tatu

Shimo la shaba likibomoka Kamatanda, pembezoni mwa mji wa Likasi, Katanga, kusini mwa Kongo, wa kwanza kumfikia aliyefukiwa ni wachimbaji wenzake, wenye koleo na mikono mitupu. Inafuata pikipiki. Gari la hospitali, likiwa na mafuta, huja nyuma yao. Ndani yake anaweza kuwemo muuguzi wa kampuni ya madini ya Gécamines, au muuguzi wa Serikali, au kijana aliyesomea uuguzi na kupewa koti jeupe lakini jina lake halimo katika orodha yoyote ya mishahara. Wote watatu hufunga jeraha kwa bandeji ile ile, damu ile ile huwachafua. Tofauti yao itaonekana siku watakapozeeka.

Tofauti hiyo ni ya kale kuliko wao. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka ya kwanza mfanyakazi Mwafrika alikuwa mtu wa kuja na kuondoka: amalize mkataba, arudi kijijini. Kuanzia 1928 kampuni ilibadili hesabu. Ilianza kuwataka wanaume waje na wake zao, wakae miaka mingi, wazae watoto watakaokuja kufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo ikajenga nyumba, shule, zahanati na hospitali, ikagawa posho. Mji huu ulipoitwa Jadotville, jina lililodumu hadi 1966, kambi za kampuni zilikuwa na wauguzi wake, madereva wake na magari yake ya wagonjwa. Watu wakasema kampuni njo baba, njo mama.

Baba huyo hakuwa na haraka ya kuwafikiria wazee. Amri ya tarehe 10 Oktoba 1945 iliweka bima ya uzeeni kwa waajiriwa wa ofisini, ambao kwa wakati ule walikuwa karibu wote Wazungu. Vibarua na wafanyakazi Waafrika walisubiri hadi amri ya tarehe 6 Juni 1956. Karibu miaka kumi na mmoja, basi, ilitenganisha uzee wa Mzungu na uzee wa Mwafrika aliyebeba machela kwenye hospitali ya kampuni. Kwa waliotumikia Serikali, ngazi za kazi ziliendelea kugawanywa kwa rangi hadi Januari 1959, ulipokuja mfumo mmoja wa watumishi wa umma, mwaka mmoja na nusu tu kabla ya uhuru.

Uhuru ulipofika, mifuko ya kikoloni iliunganishwa. Sheria ya tarehe 29 Juni 1961 ilizaa taasisi ya hifadhi ya jamii, INSS, iliyokusanya mambo matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho za familia. Muuguzi wa kampuni akaingia humo. Muuguzi wa Serikali hakuingia, kwa sababu pensheni yake ilitoka moja kwa moja katika hazina ya taifa, bila mfuko wowote uliowekwa akiba. Njia hizo mbili zilianzia hapo, na hadi leo hazijakutana.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na baada ya miaka michache jina Gécamines likaenea Katanga nzima. Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha, Septemba 1990, mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa kama tani 30,000 tu. Katikati ya balaa hilo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Makumi ya maelfu walilala kwenye kituo cha reli cha Likasi wakingoja treni, kipindupindu na surua vikiwa jirani, na Madaktari Wasio na Mipaka wakaja kuwahudumia. Wengi wa waliolala pale walikuwa na miaka mingi kazini, Gécamines au reli. Nyumba waliziacha. Pensheni ikawa kitu cha kufuatilia kutoka mamia ya kilomita.

Ambaye hakufukuzwa alinyang'anywa na fedha yenyewe. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 20,000. Oktoba 1993 zaire milioni tatu za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya moja. Juni 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Pigeni hesabu: zaire bilioni 300 za muuguzi aliyeanza kuchangia miaka ya 1970 zikawa faranga moja. Hakuna mfuko unaoweza kuhimili hayo, hata ukiongozwa na malaika.

Kisha kukaja mpango wa kuondoka kwa hiari. Kuanzia 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines wenye utumishi wa muda mrefu walilipwa kwa mkupuo na kuaga. Neno "hiari" liliwachekesha wengi, kwani walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Walipoona walichopewa hakilingani na miaka waliyotumika, walijikusanya, na mwaka 2009 malalamiko yao yakafika mbele ya jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia yenyewe. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, alikuwa amekwisha kukipa kitabu chake cha 2001 jina linalowahusu: Bana Shaba (watoto wa Shaba) waliotelekezwa na baba yao.

Upande wa Serikali, hadithi ni nyingine. Muuguzi wa hospitali ya umma hupata mshahara mdogo wa msingi na, juu yake, marupurupu ya hatari, ambayo mara nyingi ndiyo hasa yanayolisha nyumba. Kwa mfumo wa zamani, alipostaafu marupurupu yalikatika. Ndiyo maana hospitali zilijaa wazee waliokataa kuondoka: kustaafu kulimaanisha kufukuzwa mezani. Amri ya Desemba 2015 iliunda mfuko wa CNSSAP kwa watumishi wa umma, na sheria ya Julai 2016 ikaweka kikomo cha kazi kuwa miaka 65 ya umri au miaka 35 ya utumishi. Mwaka huo huo sheria nyingine ilianza kuigeuza INSS kuwa CNSS, yenye umri wa pensheni wa miaka 60 kwa wanaume na wanawake. Kwa CNSS mchango wa pensheni ni asilimia tano kutoka kwa mfanyakazi na tano kutoka kwa mwajiri.

Na yule kijana wa tatu? Hana namba ya matrikule, au anayo lakini hajaingizwa kwenye malipo. Hospitali humpa sehemu ya pesa zilizolipwa na wagonjwa. Hakatwi kitu, kwa hiyo hakuna kinachojengwa.

Likasi si peke yake katika kuwachelewesha watu wa ambulansi. Marekani ilipitisha mwaka 1976 sheria ya kulipa familia za polisi na wazima moto waliokufa kazini. Watu wa ambulansi wa umma waliongezwa mwaka 1986, baada ya miaka kumi.

Lakini Likasi haiwezi kungoja sheria tu. Mwenye baba au babu aliyefanya kazi hospitali ya Panda, kwenye reli au kwa Serikali, afungue sanduku leo: atunze kadi ya uanachama, karatasi za mshahara na cheti cha utumishi, kwa maana ofisi itakapouliza miaka ya kazi, hizo ndizo itakazozihesabu.