UZI: Kabla tingatinga halijaingia, nani achimbe kwanza?

1/ Kila mradi mkubwa ukitangazwa, kelele ni zilezile. Huyu anasema, "Tunataka barabara na kazi, si vigae vya kale." Yule anajibu, "Mnaua historia yetu." Hebu tutulie tuone sheria inasema nini. Sitaji chama wala mwanasiasa.

2/ Tuanzie Lamu. Mji wa kale uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Jirani, kisiwani Pate, kuna magofu ya Shanga. Miaka ya 1980, Mark Horton alichimba pale akakuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya karne ya 8. Kabla ya hapo, wengi walisomeshwa kwamba miji ya pwani ililetwa na wageni tu. Udongo ulionyesha kijiji cha wenyeji kilichoanza na miti na matope, kikakua polepole hadi mji wa mawe.

3/ Sasa fikiria tingatinga lingepita Shanga kabla yake. Tungebaki na hadithi ya uongo milele, na hakuna ambaye angejua.

4/ Machi 2012, ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ulizinduliwa. Wakazi wakaenda kortini. Mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo na haki ya utamaduni ilikiukwa. Wavuvi kama 4,600 wakapewa fidia ya Sh1.76 bilioni. Lakini tuelewane: korti haikusema bandari ibomolewe. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Kilichokosolewa ni jinsi mradi ulivyoendeshwa. Kwa hivyo ukiambiwa "chagua maendeleo au turathi", jua unauziwa mbuzi kwenye gunia.

5/ Sheria ziko. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini kabla ya mradi mkubwa kuanza. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inasema ukigundua kitu cha kale, uwaarifu Makavazi ndani ya siku 7. Shida iko wapi? Mkandarasi ana tarehe ya kumaliza kazi. Akiripoti chungu cha kale, kazi inaweza kusimama na hasara ni yake. Akinyamaza, nani atajua? Ndiyo maana uchunguzi ufanywe mapema, gharama yake ikiwa ndani ya bajeti tangu mwanzo.

6/ Pengo la pili liko kwenye Katiba, Jedwali la Nne. Mipango ya ujenzi na makumbusho ya mashinani ni kazi ya kaunti. Majengo na maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu. Sasa shimo likipatikana katikati ya ploti ya soko, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Wakimaliza kubishana, saruji imekauka.

7/ Ati haya ni mambo ya pwani? Hapana. Huku kwetu Trans Nzoia kuna mashimo ya Sirikwa, yale mabonde madogo ya duara kwenye miteremko. Zamani watu walidhani ni nyumba za chini ya ardhi. John Sutton alichimba baadhi ya mashimo ya aina hiyo magharibi mwa Bonde la Ufa miaka ya 1960, akaonyesha yalikuwa mazizi ya ng'ombe, nyumba zikiwa kando. Walowezi walipenda kusema walikuta ardhi tupu. Mazizi yanawakanusha. Lakini trekta na mahindi vinayafukia mwaka hadi mwaka, na mji wa Kitale unazidi kupanuka.

8/ Onyo kidogo. Zizi la kale si hatimiliki. Usiruhusu mtu yeyote jukwaani alichukue shimo la Sirikwa akakuambia, "Kumbe sisi tulikuwa wa kwanza, nyinyi tokeni." Vigae havituonyeshi jina la kabila. Vinaonyesha watu walifuga nini, walikula nini, waliishi vipi. Nasi tunajua vizuri siasa za "nani alitangulia" zimetugharimu nini.

9/ Kwa hivyo wakiitisha kikao cha umma kuhusu barabara, stendi au soko jipya, uliza matatu tu. Moja: nani ameikagua ardhi hii kabla ya kuchimbwa, na ripoti iko wapi? Mbili: bajeti ina pesa za kuokoa kitakachopatikana? Tatu: vitu vitakavyopatikana vitakaa wapi? Kitale tuna makumbusho tangu 1974. Visiishie kwenye sanduku Nairobi ambako mtoto wa Kwanza hatawahi kuviona.

10/ Barabara mbaya tunaweza kuijenga upya. Udongo uliochimbuliwa ovyo haurudi jinsi ulivyokuwa. Swali lolote, niandikie hapo chini.