Phrasal verbs: Kaneno kadogo kanaweza kukukosesha kazi, so kajue mapema

Piga picha hii. Umetuma maombi ya kazi, wiki mbili kimya, halafu simu inaingia: "The interview has been put off." Msee wa kwanza akiskia tu hiyo "off" anajua stori imeisha, anafuta nambari na kurudi base. Msee wa pili anajua put off ni kuahirisha, anauliza tarehe mpya na anajipanga. Sasa kama wangeambiwa "The interview has been called off", hapo imefutwa kabisa. Off ni ile ile, lakini moja inasema subiri na ingine inasema sahau.

Hizo ndizo phrasal verbs. Kitenzi cha kawaida kinashikana na kaneno kama up, off, out ama in, halafu wote wawili wanazaa maana mpya. Give ni kupeana, up ni juu, lakini "Don't give up" haina uhusiano na kupeana kitu juu. Ni usikate tamaa.

Usitishike, Kiswahili pia inacheza huu mchezo

Cheki neno piga. Unapiga simu, unapiga pasi, unapiga deki, unapiga magoti, na hakuna mtu amechapwa. Mzungu akitafsiri "piga pasi" neno kwa neno atashangaa pasi ilikosea nani. Wewe hukuwahi kukaa chini kutafsiri. Ulimeza kitu nzima, ukijua inatumika wapi. Phrasal verbs zinataka hivyo hivyo: shika neno zima pamoja na sentensi yake.

Mbona ziko mob hivi?

Mwaka wa 1066, watu wa Normandia kule Ufaransa waliteka Uingereza. Kwa muda mrefu wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa na raia wanaendelea na Kiingereza chao. Ndio maana leo kitu kimoja mara nyingi kina maneno mawili: lile zito lenye asili ya Kilatini ama Kifaransa, na lile jepesi la kila siku. Postpone na put off. Tolerate na put up with. Investigate na look into. Extinguish na put out.

Na si wewe wa kwanza kuumwa kichwa. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka wa 1755, aliandika mwanzoni mwa hiyo kamusi kwamba vitenzi vya aina hii ndivyo vinasumbua wageni zaidi.

Hapa ndio kuna siri. Kwa barua rasmi, neno zito linakubalika sana. Lakini mdosi akiongea kwa simu, ama mteja wa ng'ambo akikutumia ujumbe wa kazi ya mtandaoni, anatumia jepesi. Ukijua upande mmoja tu, utaandika poa na bado upotee kwa mazungumzo.

Za kazi na ganji

- Turn down: kukataa. "They turned down my application" ni walikukataa. Turn up ni kufika. "He didn't turn up" ni hakutokea.
- Fill in: kujaza fomu. Ukiongeza for, mambo inabadilika: "Can you fill in for Brian?" ni unaombwa umshikie Brian kazi.
- Lay off: kupunguza wafanyakazi, kawaida kwa sababu kampuni imekazwa na doo, si kwa sababu umekosea.
- Let go: lugha tamu ya kufuta mtu kazi. "We have to let you go" si ruhusa ya kuenda lunch.
- Look over: kupitia kitu ukikikagua. "Look over the contract before you sign." Chunga: overlook ni kinyume, kukosa kuona ama kupuuza.
- Pay back ni kurudisha pesa ya mtu. Pay off ni kumaliza deni lote. Ukiahidi kupay off, umeahidi kubaki bila deni.
- Look forward to: kungoja kwa hamu. Hapa wengi wanateleza. Andika "I look forward to hearing from you", si "to hear".

Za mtaa na mapenzi

- Ask out: kuomba mtu date. Lead on ni kumpea mtu matumaini hewa ukijua humtaki.
- Break up ni kuachana, make up ni kurudiana baada ya vita. Lakini "He made up a story" ni alitunga uongo.
- Get over: kupona kutoka kwa kitu. "I got over her" ni roho imetulia.
- Hook up: hii ni moto. "I'll hook you up" ni nitakusaidia upate kitu, labda kazi ama tiketi. "Let's hook up" mara nyingi inaskika kama unaitisha mambo ya chumbani. Usiandikie mteja hiyo ya pili.
- Get on na get off ni za mathree ama treni. Teksi ni get in na get out.

Sheria tatu tu

Moja, kuna zinazokubali kutenganishwa. "Turn off the light" na "Turn the light off" zote ziko sawa. Lakini ukitumia it, him ama them, lazima ikae katikati: "Turn it off." Ukisema "Turn off it" umejianika.

Mbili, kuna zinazokataa kutenganishwa. Sema "I look after my brother", ambayo ni namlea ama namtunza. Huwezi sema "I look my brother after".

Tatu, nyingi zikiwa kitenzi zinaandikwa mbali, zikiwa jina zinashikana. "I log in every morning", lakini "My login is not working." "I work out" ni nafanya mazoezi, "a workout" ni hayo mazoezi yenyewe.

Zile tumeharibu sisi wenyewe

"Cope up with" haiko. Ni cope with tu. Hiyo up tuliongeza, labda kwa kuchanganya na keep up with, ambayo ni kuenda sambamba na kitu.

Halafu ile yetu ya "She's not picking my calls". Nairobi nzima itakuelewa, lakini kwa msee wa Marekani pick ni kuchagua. Mwambie "She's not picking up."

Sasa utashikaje?

Wacha kukariri orodha ya put hii, put ile. Chukua mbili kwa siku, kila moja uitungie sentensi ya maisha yako: rent, mat, ex, mdosi. Ukikutana na mpya kwa filamu ama kwa ujumbe, iandike pamoja na sentensi ilikotoka. Kama bado uko shule, hizi hupenda kutokea kwa sehemu ya grammar ya KCSE English Paper 2, so hiyo ni maksi ya bure.

Na kama uko kwa simu ya maana na kaneno kamekuchanganya, usiitikie tu "okay". Uliza waziwazi: "Sorry, do you mean postponed or cancelled?" Swali kama hilo halikushushii heshima. Linaonyesha uko makini, na unakata simu ukijua kama bado uko kwa mchezo.