Jinsi Mungu Alivyolifinyanga Kanisa katika Mwambao wa Nyasa

Wakati wa jubilei ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa na watu waliobatizwa, na kumshukuru Mungu kwa hayo yote. Desturi hiyo ni njema. Lakini tukizitazama sana habari za Kanisa letu hapa Nyasa, twaona jambo jingine, nalo lapasa kukumbukwa zaidi. Twaona ya kuwa mipango mingi ya watu ilivunjika, na ya kuwa Mungu aliokota vipande vile vile akavifanyia kazi nyingine, ambayo hakuna mtu aliyeikusudia.

Nabii Yeremia aliagizwa ashuke nyumbani kwa mfinyanzi. Alipofika alimkuta yuko kazini, na chombo kikamharibikia mkononi. Mfinyanzi hakuutupa ule udongo, bali aliukanda tena akafanya chombo kingine kama alivyoona vema. Neno hili twalisoma mara kwa mara, wala si gumu kulifahamu. Gumu ni kukubali kuwa sisi ndio udongo.

Wamatengo wa milima ya Mbinga wana kazi ambayo kwayo twaweza kulifahamu neno hili vizuri zaidi. Milima yao ina miteremko mikali, na mvua huko ni nyingi. Mtu akilima juu juu, udongo wake wote huchukuliwa na maji. Kwa hiyo wazee wao wa kale walibuni kilimo cha ngoro. Masika inapokaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi ndefu, wakaziacha zikauke, kisha wakazilaza chini kwa mistari inayokatana mfano wa miraba. Ndipo wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi, yakatokea mashimo mengi mlimani, na juu ya kingo zake hupandwa maharage. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Mashimo huyazuia maji yasiuchukue udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Mgeni akiliona shamba siku ile linapochimbwa, hudhani limeharibiwa. Mwenye shamba hadhani hivyo, kwa kuwa ajua anangojea nini.

Basi na tuangalie jinsi Mungu alivyolima katika nchi hii.

Mwaka 1857 David Livingstone alinena na watu wa chuo cha Cambridge huko Uingereza, akawasihi waje Afrika kuleta Injili na kuikomesha biashara ya watumwa. Kwa maneno yale ilianzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ndiyo UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu tarehe 1 Januari 1861, na mwaka ule ule akafika Magomero, kusini ya Ziwa Nyasa. Watu wengi wa Ulaya walikuwa na matumaini makubwa. Lakini tarehe 31 Januari 1862 askofu alikufa kwa homa, na baadhi ya wenziwe wakafa baada yake kwa maradhi na taabu. Askofu William Tozer, aliyeshika mahali pake, aliona haiwezekani kukaa kule, na mwaka 1864 akaihamisha misheni Unguja. Wengi walimlaumu, wakasema ameukimbia mwito. Ziwa Nyasa likaachwa.

Lakini Unguja ilikuwa na kazi yake. Tozer alipewa watoto wa kiume watano waliokombolewa katika utumwa, na hao wakawa wanafunzi wa kwanza. Padre aliyefuatana naye, Edward Steere, akaanza kujifunza Kiswahili cha Unguja kwa bidii, na mwaka 1870 kitabu chake cha kufundishia lugha hiyo kikapigwa chapa. Alipokuwa Askofu, toka mwaka 1874 hata alipofariki mwaka 1882, aliendelea kufasiri Maandiko. Miaka mingi baadaye, mwaka 1928, mkutano uliokaa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, nacho ndicho tunachokisoma katika kurasa hizi. Tozer alikuja Afrika ili akae karibu na ziwa, akashindwa. Kwa kushindwa kwake misheni ilipewa lugha iliyovuka makabila yote. Jambo hili halikuwamo katika mpango wa mtu awaye yote.

Sasa twende kwa William Percival Johnson, ambaye wengi wamemwita Mtume wa Nyasa. Alizaliwa Uingereza mwaka 1854. Alipokuwa Oxford nia yake ilikuwa kwenda Bara Hindi kuifanyia serikali kazi, naye alikwisha kuanza kujifunza lugha ya kale ya nchi hiyo. Aliposikia habari za misheni aliacha shauri lake, na mwaka 1876 akafika Unguja, kijana wa miaka ishirini na miwili, pamoja na rafiki yake Chauncy Maples. Ule moyo wa kupenda lugha haukupotea. Mungu aliuchukua, akautumia mahali pengine.

Johnson alikwenda bara kwa miguu, akafika ziwani. Mwaka 1882 alikuwa pamoja na Padre Charles Janson, na huyu alikufa ufuoni mwa ziwa mara tu walipokwisha kufika. Johnson akabaki peke yake. Akaona ya kuwa vijiji vya mwambao ni vingi na vimetengana, na ya kuwa njia ya kuvifikia ni maji. Akarudi Ulaya kuomba fedha za merikebu ya moshi, akazipata, nayo ikaitwa Charles Janson kwa kumkumbuka yule aliyekufa.

Hapo ndipo yalipompata mapigo makubwa. Mwaka 1884, merikebu ikiwa bado kuundwa ziwani, macho yake yaliugua. Jicho moja lilipofuka kabisa, na la pili likabaki na nuru kidogo tu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini. Merikebu aliyoihangaikia ilishushwa majini mwaka 1885, na mwaka huo huo misheni ikafanya makao yake katika kisiwa cha Likoma. Lakini yeye alikuwa amelazimika kurudi kwao kutibiwa.

Walimu, tafakarini jambo hili. Mtu ambaye kazi yake ni vitabu na lugha amenyang'anywa macho. Angalikaa kwao hakuna ambaye angalimlaumu. Naye alirudi. Kwa nuru ile iliyobaki alifanya kazi zaidi ya miaka arobaini tena, akitembea kijiji kwa kijiji katika mwambao wa mashariki, akila walichokula wenyeji na kulala walipolala. Alifasiri Maandiko katika Kinyanja, na Biblia nzima ikapigwa chapa mwaka 1912. Tena kwa kuwa jicho lilikuwa dhaifu, ilimpasa kutegemea sana masikio, na macho ya wenzake wa hapa. Mtu aliyezoea kufundisha alijifunza kusaidiwa. Twaamini ya kuwa hili nalo ni tendo la Mfinyanzi.

Rafiki yake Maples hakupewa miaka mingi. Aliwekwa wakfu kuwa Askofu huko London mwezi wa Juni mwaka 1895. Alikuwa na haraka ya kurudi kwa watu wake Likoma, akaondoka usiku kwa mashua. Tufani ikawapata, na tarehe 2 Septemba mwaka ule ule akafa maji pamoja na Joseph Williams. Sisi watu wa ziwani twaijua tufani ya usiku, wala hatuna haja ya kuelezwa. Kanisa lililia. Baadaye ikaundwa merikebu kubwa kwa jina lake. Ilitengenezwa Glasgow, ikaletwa kwa vipande zaidi ya 3,000, ikaungwa tena na kushushwa majini mwaka 1901, ili iwe chuo, kanisa na msaada wa wagonjwa. Nayo vilevile haikufanya yale tu iliyokusudiwa, maana vita vilipotokea mwaka 1914 ilichukuliwa kufanya kazi ya vita.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa sababu neno hili la kujitoa laweza kufundishwa vibaya. Wako wanaosema, "Kila baya limpatalo mtu ndiyo kazi ya Mungu ya kumfinyanga; basi na anyamaze." Hatusemi hivyo. Biashara ya watumwa iliyovuka ziwa hili haikuwa mkono wa Mfinyanzi. Ilikuwa dhambi ya watu, na wamisionari walikuja kuipinga, wala hawakuja kuwaambia watumwa wavumilie. Hata hivyo katika watu waliokuwa watumwa, Mungu alijifanyia watumishi. Augustine Ambali aliokolewa katika utumwa, akasoma Unguja, akaja Nyasa kuwa mwalimu, na mwisho akawa padre. Aliyemkamata alitenda uovu. Mungu hakuuita uovu ule wema, ila hakukubali uwe neno la mwisho.

Ndivyo na vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto aliuawa pamoja na wenziwe, na misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ikachomwa moto. Mwaka 1906 Wadachi waliwanyonga wakuu wengi wa Wangoni huko Songea, na njaa ikaua watu wasiohesabika. Nani athubutuye kusema kwamba Mungu ndiye aliyefunga zile kamba? Lakini Peramiho ilijengwa tena, na wana wa waliochoma na wana wa walionyongwa wakapiga magoti pamoja katika kanisa moja. Udongo uliovunjwa na watu ulikandwa tena na Mungu. Anayefinyangwa na Mungu hukataa uovu kwa nguvu zake zote, kisha humwachia Mungu mabaki ya uovu ule ayafanyie kazi. Haya mawili hayapingani.

Wala tusidhani wamisionari peke yao ndio waliofinyangwa. Leonard Kamungu, Mnyanja wa mwambao wa ziwa, aliupokea upadre mwaka 1909. Angaliweza kukaa karibu na jamaa zake. Lakini alikubali kupelekwa mbali, hata Msoro, katika nchi iitwayo leo Zambia, akawafundisha watu wa lugha nyingine, na huko akafa mwaka 1913. Pamoja naye twawakumbuka walimu wa vijijini ambao majina yao hayamo katika vitabu: waliofundisha chini ya mti, kwa mshahara mdogo sana, ambao mara nyingi walihamishwa siku ile ile walipoanza kuyaona matunda. Hao ndio nyasi zilizofukiwa. Sisi twala mahindi.

Johnson alikufa Liuli mwezi wa Oktoba mwaka 1928, amekwisha kukaa Afrika miaka hamsini na miwili. Kaburi lake liko hapo hapo Liuli, karibu na lile jiwe kubwa ambalo kwa ajili yake Wadachi walipaita mahali pale Sphinxhafen. Hakurudi kwao kupumzika. Aliyetaka kwenda Bara Hindi amelala katika mchanga wa Nyasa.

Basi, ndugu, habari hizi zatutaka nini sisi tulio hai? Kwanza, tusiwe wepesi kusema ya kuwa kazi imekufa kwa sababu mpango wetu umekufa. Mwalimu aliyehamishwa mahali alipopapenda, mama aliyefiwa na mwana aliyetumaini atamsaidia, kijana aliyeanguka katika mtihani, mtaa uliojenga kanisa likaangushwa na upepo: hawa wote wamo mkononi, si kwamba wametupwa chini. Pili, kujitoa si kulegea. Udongo mgumu haufinyangiki, na udongo wa majimaji nao hausimami. Johnson alipopungukiwa macho alitembea zaidi. Atakaye kufinyangwa na aifanye kazi iliyo mbele yake leo, hata ikiwa si ile aliyoiomba. Tatu, tukubali kukanywa. Mungu hutufinyanga mara nyingi kwa mikono ya watu: padre anayetuonya, mke asemaye kweli, mwanafunzi aulizaye swali ambalo hatuwezi kulijibu. Wengi wetu husema, "Bwana, nifinyange," kisha hukasirika wanapoguswa.

Nne, tuwe na saburi. Aliyefyeka nyasi mwezi wa Machi hakasiriki mwezi wa Aprili kwa kuwa hajaona mahindi. Toka Magomero ilipoachwa hata misheni ilipotua Likoma ilipita zaidi ya miaka ishirini, na waliokufa kwanza hawakuyaona haya. Huenda na sisi hatutayaona yatakayotoka katika taabu za siku zetu. Watoto wetu watayaona, nao watafanya jubilei yao.

Kwa hiyo, tunapokusanyika kushukuru, tusimwonyeshe Mungu majengo tu. Tumpelekee pia vyombo vyetu vilivyoharibika, kila mtu chake, tukimwomba hivi: Ee Bwana, wewe uliyewatengeneza baba zetu kwa njia wasizozichagua, ututengeneze na sisi. Utuondolee ugumu, wala usituache tukiwa udongo usio na umbo. Na kazi ya mikono yako isimame katika nchi hii, milimani na ufuoni, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.