Safu ya Lugha: Zima uwashe

Waka ni kitenzi kinachojitegemea: moto huwaka, taa huwaka. Akiingia mtendaji, k inageuka sh tunapata washa, kama anguka inavyozaa angusha. Zima huenda njia ya pili. Mtendaji yumo tangu mwanzo, na taa ikijifia yenyewe tunaongeza kiambishi: imezimika. (Mitaani hawajali, simu kwao “imezima” tu.)

Siku hizi zima limepata kazi nyingine. Dari nyingi za jipsamu zina taa za LED za rangi tatu kwenye swichi moja ya kawaida. Washa, unapata nyeupe. Zima uwashe upesi, inakuja rangi ya pili. Rudia, ya tatu. Kwa mpango huohuo taa kadhaa huwashwa kwa zamu bila kuongeza waya kutoka ukutani. Chipu ya kuhesabu, mfano CD4017, huchukua kila mkatiko mfupi wa umeme kama amri ya kusogea hatua moja, huku kapasita ikiitunzia chaji kidogo isisahau ilipofika. Ukichelewa, chaji inaisha na hesabu inaanza upya.

Hapa kuzima si kuondoa mwanga tena, ni kuomba unaofuata. Ndiyo maana napenda “zima uwashe”, pamoja na ile -e ya amri ya pili, kuliko “zima washa” ya haraka haraka: -e inaonyesha kwamba kitendo cha kwanza kinakitumikia cha pili. Umeme wenyewe ukicheza, taa nazo husogea bila kuguswa na mtu.