Supra ya filamu na karatasi zake

Leo tuache programu kidogo. Jirani yangu ana Nissan aliyoirembesha kwa maonyesho. Imelala miaka saba na sasa anataka kuiuza. Nikamsimulia kisa cha Toyota Supra ya 1994, iliyotumika katika filamu The Fast and the Furious ya 2001. Ilipakwa rangi ya dhahabu kwa filamu ya pili ya 2003, kisha ikarudishiwa rangi ya machungwa. Injini yake ni ya lita 3, bila turbo! Lakini Juni 2021 iliuzwa mnadani Las Vegas kwa dola 550,000, ikiwa na cheti cha uhalisi.

Petroli iliyochacha na sili zilizokauka fundi hubadilisha. Historia iliyopotea, nani ataibadilisha? Jirani, tafuta risiti kwanza.

Tuonane wiki ijayo.