Kaya Kauma: Ngome Isiyo na Ukuta wa Mawe



Taarifa hii kwa desturi hujaa hesabu za michango, misiba na karo za watoto. Safari hii tumeona vema kuongeza kurasa za historia, kwa kuwa baadhi yetu wa kamati tulifanya ziara ambayo yatupasa kukiri kwamba tumechelewa mno kuifanya. Tulikwenda Kaya Kauma. Miongoni mwetu wamo waliozaliwa karibu na kilima kile, wakaja mjini kutafuta kazi, wakaota mvi humo mjini, pasipo kuukanyaga hata siku moja msitu walimotoka babu zao.

Tuliondoka Mombasa alfajiri, na tulipofika Kilifi tukageuka kuelekea bara, upande wa Jaribuni. Chini ya kilima hupita mto Ndzovuni, ambao jina lake lasema kwamba hapo palikuwa mahali pa ndovu. Ndovu hawaonekani tena, lakini kivuli cha miti kingali pale ukingoni. Jua lilikuwa kali mashambani, nasi tulipoingia chini ya miti ile tulijiona kama watu walioingia nyumbani.

Mzee mmoja wa kaya alikuwa akitungoja penye njia. Alituagiza tuvue viatu, tufuate njia moja tu, tusivunje hata kijiti, wala tusitoke na kitu chochote mikononi. Mwenzetu mmoja alisema kwa mzaha kwamba sisi nasi ni wazee. Mzee akatutazama, akajibu kwa upole, “Mvi mnazo, wanangu, lakini humu ndani ninyi ni watoto.” Tukanyamaza, tukamfuata.

Kaya maana yake ni makao. Wazee wa Mijikenda husimulia kwamba watu wetu walitoka Shungwaya, kaskazini, wakifukuzwa na Wagalla, ambao leo huitwa Waoromo, wakajenga makao yao juu ya vilima nyuma ya pwani. Kaya zinazojulikana zaidi huhesabiwa kuanza katika karne ya 16. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya habari za Shungwaya, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta katika nyika hiyo hiyo vijiji vya wakulima vilivyotangulia karne ile kwa mamia ya miaka. Sisi hatuoni ubaya katika mabishano hayo. Yawezekana baadhi ya babu zetu walikuja, na wengine walikuwapo wakawapokea.

Jambo lililotushangaza ni namna ngome ile ilivyotengenezwa. Hapana ukuta wa mawe kama ule wa Ngome ya Yesu kule Mombasa. Ukuta wake ulikuwa msitu wenyewe, ulioachwa makusudi usongamane kukizunguka kilima, ukapasuliwa kwa njia nyembamba chache zenye malango. Adui aliyetaka kuingia ilimbidi kupita njia hizo, akionwa naye asione. Ndani, miti ilifyekwa, nyumba zikajengwa, na katikati pakawekwa moro, mahali pa baraza la wazee. Hapo palizikwa fingo, kinga ya mji, na kwa sababu yake mahali pale pakawa patakatifu. Basi kukata mti wa kaya kulikuwa sawa na kubomoa ukuta wa mji wakati wa vita, na aliyethubutu alitozwa faini ya mbuzi au kuku, apate kutakaswa.

Katika karne ya 19 hatari ilipungua na biashara ikaongezeka, watu wakatawanyika kutafuta mashamba na malisho, na kufika miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimebaki bila wakazi. Hata hivyo nguvu yake haikwisha. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipowaongoza Wagiriama kukataa kuwatoa vijana wao wakafanye kazi za Wazungu, watu walikula kiapo katika kaya yao, Kaya Fungo. Serikali ya kikoloni ilijua nguvu hiyo ilikotoka, na mnamo Agosti 1914 ikailipua kaya ile kwa baruti. Wakazi walikuwa wamekwisha kutawanyika zamani, lakini baruti ilipelekwa pale pale. Miti ilichipuka tena, na wazee wakarudi kuomba mvua.

Siku hizi kaya zina heshima mbele ya ulimwengu. Tangu 1992 Serikali imekuwa ikizitangaza kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliandika misitu 10 ya kaya, Kaya Kauma ikiwa mojawapo, katika Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, mila za kaya zenyewe ziliandikwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Tunaomba wanachama wayatafakari maneno hayo, kwa maana yametaja mila pamoja na miti.

Tulipoketi kupumzika, tulimwuliza mzee ni kitu gani anachokiogopa zaidi. Tulidhani atataja mashoka, au wachimba madini. Akasema, “Naogopa mvi zangu.” Hakuhitaji kueleza. Sote twajua kwamba katika nchi yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi shina la shutuma hizo ni ugomvi wa shamba. Wako wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasionekane wazee. Hao ndio wajuao njia za kaya, maneno ya sala, na mti upi haushikwi. Kila mmoja auawapo, lango moja la ngome limebomolewa, na safari hii si adui wa kutoka mbali aliyelibomoa, bali mjukuu.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili haikai hewani, hukaa kwa watu. Kwa hiyo kamati inauomba mkutano mkuu ukubali mambo matatu: kwanza, kila mwaka chama kiwapeleke vijana wetu kayani kwa idhini ya wazee, pili, habari za wazee ziandikwe wakiwa hai, kwa yale wanayoruhusu kuandikwa, tatu, mwanachama yeyote asikiapo mzee akishutumiwa, alete habari mara moja kwa chama na kwa chifu, hata kama mshutumu ni ndugu yake wa damu.

Tuliagana na mzee pale pale aliponingojea na viatu vyetu, kwenye njia. Tulitoka mikono mitupu, kama alivyotuagiza. Babu zetu walikimbilia msitu ule wapate usalama. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba mzee aulindaye naye analala salama nyumbani kwake.