Ukiweka Mathenge Kwenye Diorama ya 1918, Umeharibu Vita

Wacha niseme tu mapema ndio tusisumbuane kwenye maoni: ukiniletea diorama ya vita vya Turkana, yaani ile mandhari ndogo ya mfano yenye askari wa kidole na miti ya kidole, na nione mathenge hapo kando ya laga, nitakuambia ung'oe. Sijali umepaka rangi vizuri aje. Sijali bunduki ya askari wako ina mpaka kifyatulio. Mathenge haikuwepo.

Najua kuna mtu ashaanza kucheka. "Bana, ni mti tu." Hapana. Huku kwetu mti si pambo. Mti ndio karatasi iliyoandikwa nani alikuwa hapa, alikuwa na nini, na alinyang'anywa nini. Na kwa vita ambavyo karibu kila kitu kilichoandikwa kiliandikwa na upande ulioshinda, mimi siwezi kuchezea hiyo karatasi.

Tuanze na vita vyenyewe, kwa sababu shuleni hukuviona. Mimi nilisoma historia chuo mpaka mwaka wa pili kabla karo haijaniangusha, na Turkana nzima ilikuwa sentensi moja: watu wa kaskazini "walipinga". Basi. Ukitaka zaidi inabidi utafute mwenyewe, na kitabu cha kutafuta ni cha John Lamphear, The Scattering Time, cha 1992. Hapo ndio utakutana na Ebei, kiongozi wa vita wa Waturkana wa kaskazini, na vijana wake walioitwa Ruru. Hawa hawakuwa watu wa mikuki pekee. Walikuwa na bunduki zilizokuwa zinashuka kutoka Ethiopia, kwa hivyo hata hiyo picha ya "mkuki dhidi ya bastola" unayotaka kuweka kwenye meza yako ni uongo wa pili. Mwaka wa 1918 Waingereza wakaamua kumaliza mambo. Wakaleta keya, yaani King's African Rifles, na wanajeshi wengine wakatoka upande wa Sudan, wakafuata watu mpaka milima ya Labur. Mamia ya watu waliuawa. Mifugo ikachukuliwa kwa wingi kiasi kwamba kilichofuata hakikuwa amani, kilikuwa njaa.

Sasa, ukitaka kutengeneza siku moja ya mwaka huo kwa kipimo cha 1 kwa 72, unaanzia wapi? Watu wengi huanza na askari. Mimi naanza na kivuli.

Kuna Mwingereza mmoja, William Siborne, alipewa kazi mwaka wa 1830 ya kutengeneza mfano wa vita vya Waterloo. Huyu jamaa alihamia kwenye shamba la La Haye Sainte, pale pale vita vilipopiganiwa, akakaa kama miezi minane akipima ardhi. Halafu akaandikia maofisa waliopigana barua, na kati ya maswali yake kulikuwa na hili: mbele yako kulikuwa kumepandwa nini? Hebu fikiria. Mtu amekatwa mkono kwenye vita, wewe unamuuliza habari ya mimea ya shambani. Lakini Siborne alijua anachofanya. Mimea mirefu inaficha mtu, inapunguza mwendo, inaamua nani anamwona nani. Mfano wake ulioneshwa London mwaka wa 1838 ukiwa na wanajeshi wadogo zaidi ya 70,000, na bado ulileta ugomvi, kwa sababu Wellington hakufurahia kuona Waprusi wengi hivyo kwenye ushindi wake. Siborne mwishowe akawaondoa Waprusi wengi. Yaani hata kwa vitu vya ukubwa wa punje ya mchele, mkubwa akikasirika historia inasongezwa.

Sisi hatukuwa na Siborne. Hakuna aliyewaandikia Ruru barua kuwauliza walijificha chini ya mti gani. Kwa hivyo inabidi tuulize miti.

Mti wa kwanza ni ewoi. Kiswahili ni mgunga, ule wenye kichwa bapa kama mwavuli ambao kila kadi ya watalii inao. Ndio maana watu hufikiri wanaujua. Kichwa chake si bapa tu, kina ngazi, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka unaona anga. Shina mara nyingi linagawanyika karibu na chini na kuegemea upande. Ewoi wa mita 10 kwa kipimo cha 1 kwa 72 ni karibu sentimita 14. Ukienda 1 kwa 35, ni sentimita 28 na kitu, na hapo sasa miiba inaanza kukuhusu: mwiba wa sentimita 5 unakuwa milimita 1.4, jicho linauona. Na ewoi una miiba ya aina mbili, mirefu meupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoano. Kwa 1 kwa 72 sahau miiba, utajitoboa bure.

Lakini kitu ambacho sijaona kwa diorama yoyote ya Afrika ni mstari wa chini. Simama Lodwar ukiangalia ewoi kwa mbali: sehemu ya chini ya majani imekatwa sawasawa kama mtu alipitisha panga. Hakuna panga. Ni ngamia. Wanakula mpaka shingo inapofika, kama mita 3 hivi, na mbuzi wanamalizia vya chini wakisimama kwa miguu miwili. Kwa kipimo changu mita 3 ni sentimita 4 na kidogo. Huo mstari ndio unaosema hapa kuna mifugo, kwa hivyo hapa kuna watu. Kaa misimu kadhaa bila mifugo na machipukizi ya chini yanaanza kurudi, mti unavaa sketi. Kwa hivyo ukitengeneza laga ya kabla ya msafara wa 1918, miti yako iwe imekatwa chini. Ukitengeneza bonde lile lile mwaka mmoja au miwili baadaye, baada ya mifugo kuswagwa kwenda zake, shusha majani. Huhitaji kuweka maiti hata moja. Mtu wa huku akiangalia ataelewa na atanyamaza.

Namna ya kuutengeneza: nyaya za shaba kutoka kwa kebo ya umeme iliyokufa. Fundi yeyote wa redio mjini atakuuzia kwa bei ya chai. Chukua nyuzi kama 40, zisokote pamoja kuwa shina, halafu gawa, sokota tena, gawa, mpaka ubaki na uzi mmoja mmoja kwenye ncha. Shina unalipaka gundi nyeupe ya mafundi mbao iliyochanganywa na unga wa mbao. Hapa Lodwar fanya hii kazi kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu mchana gundi inakauka ikiwa bado kwa brashi. Majani watu hutumia sponji ya godoro iliyosagwa na kutiwa rangi, ambayo ni sawa kwa miembe. Kwa ewoi majani ni madogo mno, na mimi natumia majani ya chai yaliyokwisha tumika, yaliyoanikwa mpaka yakauke kabisa (yakibaki na unyevu yataota ukungu), kisha rangi ya kijani iliyochanganywa na kijivu. Usitumie kijani kibichi. Hiyo ni Kericho.

Mti wa pili ni eng'ol, mkoma, ule ambao kina mama wanasuka vikapu kwa majani yake. Huu ndio unaowaumbua wageni. Wanatengeneza mnazi au mtende kwa sababu kwa akili zao jangwa ni mtende. Mkoma shina lake linagawanyika mara mbili, halafu kila tawi mara mbili tena, kama herufi Y iliyobeba Y zingine, na kila ncha ina kipepeo chake cha majani. Karatasi ya daftari iliyokunjwa na kukatwa kwa mkasi inatosha kabisa. Ongeza mswaki, tunaouita esokon, kichaka kizito kilichofika chini, ambacho kwa askari ni mahali pa kujificha na kwa mtoto ni mahali pa kutafuta matunda.

Na sasa mathenge. Kitaalamu ni Prosopis juliflora, wazee huku wanaiita etirae. Si ya Afrika, asili yake ni Amerika. Kenya ilipandwa kwanza Pwani mwaka wa 1973, kufunika machimbo ya Bamburi, halafu miaka ya 80 miradi ya kupambana na jangwa ikaileta Baringo na Turkana. Nia ilikuwa nzuri, sibishani. Inakua haraka, haiogopi ukame, inatoa makaa. Lakini ilipofika kando ya mito haikuomba ruhusa. Baringo watu walifika mpaka mahakamani na mbuzi asiye na meno kama ushahidi, kwa sababu maganda yake ya sukari yaliwamaliza meno. Huku Lodwar tembea kando ya Turkwel uone: ukuta. Watoto wa leo wanafikiri mto ulizaliwa ukiwa na mathenge.

Hasara kubwa, kwangu, si meno ya mbuzi. Kando ya Turkwel na Kerio familia zilikuwa na ekwar, yaani sehemu ya msitu wa mto inayojulikana ni ya nani. Hauli maganda ya ewoi ya ekwar ya mwingine wakati wa kiangazi bila kuongea naye. Inarithiwa. Edmund Barrow aliandika kuhusu hii mambo mwaka wa 1990 kwenye jarida la kitaaluma, lakini bibi yako angekuambia bila jarida. Sasa ona vile inafanya kazi: kitu ambacho mzungu wa 1918 aliona kama kichaka tupu kando ya mto, kilikuwa na mipaka na wenyewe. Na ukishasema nchi ni tupu, kuchukua chochote ndani yake hakuitwi wizi. Ndio maana diorama ya mchanga mitupu na mwamba mmoja inanikasirisha kuliko hata ile ya mathenge. Mathenge ni kutojua. Mchanga mtupu ni maoni.

Hii sheria ya miti haiishi 1918. Ukitaka kutengeneza 1941, wakati Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki ilitoka upande huu wa ziwa kuingia Ethiopia kupigana na Waitaliano, bado hakuna mathenge, na ziwa bado linaitwa Rudolf. Ukitengeneza Mzee Kenyatta ndani ya Lodwar, kati ya 1959 na 1961 alipoletwa kutoka jela ya Lokitaung, bado hakuna. Kakuma ya 1992, vijana wa Sudan wakifika kwa miguu baada ya kufukuzwa Ethiopia? Hapo sasa mathenge imeshaingia kaunti, lakini usijaze. Kando ya Tarach weka ewoi, weka mingi, kisha pembeni weka visiki vichache. Kambi ikikua, kuni zinatoka mahali.

Kakuma ndio mahali nilipata mafundi wazuri zaidi wa waya, na si ajabu. Watoto wa kambi wamekuwa wakitengeneza malori ya waya na mikebe tangu zamani, na malori mwenyewe unajua wanaiga ya nani. Jamaa mmoja wa kutoka Kivu, ambaye sasa tunafanya kazi pamoja, anasokota shina la mkoma kwa dakika ambazo mimi bado natafuta koleo. Nilimwambia habari ya Carl Akeley, Mmarekani aliyetengeneza mandhari za wanyama kwa makumbusho ya kwao. Kwa kazi moja tu ya paa wa Virginia, iliyokamilika 1902, yeye na mkewe Delia walitengeneza majani 17,000 ya nta, kwa mkono. Akeley alikufa mwaka wa 1926 kwenye mlima Mikeno, Kongo, na alizikwa huko. Jamaa akaniangalia. Mikeno ni mlima wa kwao, anaujua tangu utoto. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huko juu kuna fundi wa majani amelala. Akauliza tu: "Alilipwa kwa jani?"

Tumefika ewoi 11 na mikoma 4. Laga inahitaji karibu 30, pamoja na ua la miiba la awi moja, na ndani ya awi ekicholong, kile kigoda cha kulalia kichwa, ambacho kwa kipimo chetu ni chini ya milimita 3 na nimeshapoteza viwili kwa sakafu. Askari bado sijagusa hata mmoja. Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka jina la ekwar yoyote kati ya Lodwar na mdomo wa Turkwel, ya nani na ilianzia mti gani ikaishia mti gani, niandikie pembeni. Nitaweka jina la familia chini ya mti, likiruhusiwa.